Mtoto yupi apelekwe ng'ambo?

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma)



Yapo maamuzi ambayo hupitishwa katika vikao, yakaandikiwa muhtasari na kutangazwa. Yapo na mengine, mazito kuliko hayo, ambayo hupitishwa usiku baada ya taa kuzimwa, watu wawili wakinong'onezana ili watoto waliolala chumba cha pili wasisikie. Uamuzi wa kumpeleka mtoto mmoja kusoma ng'ambo na kuwaacha ndugu zake nyumbani ni wa aina hii ya pili. Hauna katibu, hauna ajenda, na aghalabu yule unayemgusa zaidi hupata habari zake mwisho kabisa, siku anapoona kiwanja kimeuzwa au anapoambiwa kwamba mchango wake wa shule utachelewa kidogo.

Mazungumzo haya hayakusudii kumwelekeza mzazi yeyote amchague nani. Fedha ni zake na watoto ni wake. Lakini inashangaza kwamba taifa lililobishana kwa miaka mingi, Bungeni na katika vikao vya Chama, juu ya nani anastahili nafasi ya chuo kikuu, lilinyamaza mara swali hilo hilo lilipohama kutoka ofisi za Serikali na kuingia nyumbani kwa watu.

Hapana budi kukumbuka jinsi lilivyohama. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Kijana aliyetaka udaktari au uhandisi hakuwa na njia ila kutoka nje ya mipaka: Makerere, Nairobi, au ng'ambo. Naye hakujipeleka. Nafasi zilikuja kwa mikataba baina ya serikali, kutoka Magharibi na kutoka Mashariki, nao wakubwa wa wizara wakazigawa. Chuo kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960, ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la Patrice Lumumba, kilipokea vijana wengi wa Kiafrika ambao wazazi wao wasingeweza kulipa hata nauli ya kufika Dar es Salaam. Miongoni mwa waliosomea huko ni Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari. Halafu likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza na apate sifa za mwajiri wake na za Chama kabla ya kupewa nafasi ya chuo kikuu. Katika miaka yote hiyo mzazi alibaki na kazi ya kununua sanduku, kutafuta koti la baridi kama lilipatikana, na kumsindikiza mwanawe uwanja wa ndege.

Vikao hivyo vya kuchagua havikuwa vya malaika. Upendeleo ulikuwapo, na kila mtumishi wa siku zile anajua mkoba wa nani ulibebwa na nani. Lakini vilikuwa na kanuni, na kanuni ikikosewa yupo wa kuuliza. Mfano mzuri umo katika Azimio la Musoma lenyewe. Sharti la kufanya kazi kwanza lilionekana sawa kwa wote, mvulana na msichana. Lilipotekelezwa, wasichana ndio waliopungua vyuoni, kwa sababu miaka ya kusubiri kwa msichana ni miaka ya kuposwa. Kosa lilionekana, likazungumzwa, na mwaka 1976 wasichana wakaruhusiwa kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Ndani ya nyumba, kosa la namna hiyo nani atalisema? Mama akilisema, huambiwa anampendelea binti yake.

Miaka ya 1990 ikaleta uchangiaji wa gharama za elimu ya juu. Mwaka 2004 Bunge likatunga sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Julai 2005 Bodi ikaanza kazi. Mikopo hiyo imewafikisha vyuoni watoto wengi wa wakulima na wa walimu, lakini kwa sehemu kubwa ni ya vyuo vya humu nchini. Anayetaka kwenda ng'ambo sharti apate ufadhili, na nafasi za ufadhili ni chache kuliko vichwa vinavyozigombea, au mzazi aingie mfukoni. Ndipo swali lilipotua kitandani.

Basi na mfuko wenyewe uangaliwe. Mei 2025 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai mwaka huo. Kwa mwaka mzima ni shilingi milioni 6. Sasa, Ujerumani, nchi inayosifiwa na wazazi wengi kwa sababu vyuo vyake vingi vya umma havitozi ada, ilimtaka mwanafunzi wa kigeni, kuanzia Septemba 2024, aonyeshe kwamba ameweka yuro 11,904 katika akaunti maalumu ya kujikimu kwa mwaka mmoja. Kwa thamani ya fedha ya mwaka 2025 ni kiasi cha shilingi milioni 30 na zaidi: mishahara ya miaka mitano ya mtumishi wa kima cha chini, asile, asivae, asilipe pango. Na hapo ndipo penye elimu ya bure. Uingereza nayo, tangu Februari 2024, humtoza mwanafunzi pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo kwa ajili ya matibabu, na fedha hiyo hulipwa pamoja na maombi ya viza, kabla hajaonja hata chai ya huko.

Mwalimu mwenye miaka ishirini kazini hapokei kima cha chini, ni kweli. Lakini mwalimu huyo tayari ana mkopo wa benki na mwingine wa chama cha akiba na mikopo, na kanuni za utumishi zinataka abakiwe na walau theluthi moja ya mshahara wake. Wengi wamekwisha kuifikia theluthi hiyo. Kwa hiyo macho huelekea mahali pawili: kiwanja, na malipo ya mkupuo ya kustaafu.

Kuhusu mkupuo, watumishi hawahitaji kusimuliwa. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni iliunganishwa na kikotoo kikashushwa hadi asilimia 25. Kelele zikapigwa, na Desemba mwaka huo utekelezaji ukasimamishwa. Julai 2022 ukaja mkupuo wa asilimia 33. Bajeti ya mwaka 2024/25 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa wale wa 25. Funzo lililomo kwa mzazi ni dogo lakini ni gumu: fedha hiyo si ya kuahidiwa mtoto. Mtu aliyepanga mwaka 2017 kumsomesha mwanawe kwa mkupuo wa nusu alijikuta, baada ya miaka michache tu, akishika penseli upya. Na shilingi nayo haitulii. Mwaka 2023 dola ziliadimika mabenki hata mwenye shilingi zake mkononi akapanga foleni. Mwaka 2024 dola moja ikapanda kupita shilingi 2,600, na kabla ya mwaka kwisha ikashuka tena. Chuo cha ng'ambo hudai ada kwa fedha yake, hakijui habari hizi.

Ichukuliwe nyumba moja, ambayo kila msikilizaji anaijua kwa jina jingine. Baba ni afisa kilimo wa kata. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Watoto ni watatu. Kijana wa kwanza amemaliza kidato cha sita kwa ufaulu wa kupitia dirishani, na chuo alichokiomba hakikumtaka. Wa pili, binti, amepata daraja la kwanza katika fizikia, kemia na baiolojia, na anaweza kupata nafasi ya udaktari humu nchini. Kitindamimba yuko kidato cha pili. Wakala mmoja mwenye ofisi mjini amekuja na barua ya chuo cha ng'ambo kinachomkubali kijana wa kwanza kusomea biashara. Wapo mashemeji, wapo majirani, na baba mkubwa amekwisha kupiga simu kutoka mjini akiuliza safari ni lini.

Baba hufikiri hivi: "Binti ana akili, Serikali itamsomesha kwa mkopo. Huyu kaka yake hana wa kumshika mkono isipokuwa mimi. Nikiuza kiwanja, kila mmoja atakuwa amepata." Hesabu hii haitoki kwa baba mbaya. Ni ya mtu anayewapenda wanawe wote na anayetaka kidogo alicho nacho kifike mbali. Mwenye kuisikia kwa mara ya kwanza ataona ni ya busara.

Lakini iendelezwe hadi mwisho. Miaka ikipita, binti atamaliza udaktari akiwa na deni la Bodi. Tangu sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Kaka yake atarudi, akirudi, hadaiwi senti. Mmoja atakuwa amesomeshwa kwa jasho la nyumba, na wa pili kwa jasho lake mwenyewe la kesho. Na aliyeachiwa deni ndiye aliyefaulu zaidi. Hakuna aliyekusudia kumwadhibu binti kwa kufaulu, ila ndivyo ilivyotokea. Na baba akiugua, ndugu zangu wanajua simu ya kwanza hupigwa kwa nani: kwa daktari aliye nchini, anayekatwa asilimia 15.

Kitindamimba ndiye msahaulifu wa mambo haya, maana hayumo katika hesabu kabisa. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Ikiwa baba ana 55 leo, mtoto huyu atagonga mlango wa chuo mzazi akiwa ukingoni mwa ajira, kiwanja kikiwa kimekwenda na benki ikidai kilichobaki. Serikali imefuta ada za kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na za kidato cha tano na sita tangu 2022, na hilo ni jambo kubwa. Mwaka huo wa 2022 ulianzishwa pia ufadhili unaoitwa Samia, kwa wanaofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi na kuendelea nayo katika vyuo vya nchini. Mtoto wa tatu anaweza kuupata. Lakini mzazi anayemweka mtoto wake wa tatu kwenye fungu la "anaweza" na wa kwanza kwenye fungu la "lazima" amekwisha kuchagua, hata kama hajatamka neno.

Je, kijana aliyekosa nafasi hapa asisaidiwe? La hasha. Wapo waliochelewa kuchanua. Ila inafaa swali liulizwe kwa lugha nyepesi: anapelekwa ng'ambo kwa sababu ya kile atakachokisoma, au kwa sababu ya aibu ya baba kwamba mwana wa kwanza hakupata chuo? Vyuo vya ufundi na vya diploma vipo humu nchini, kwa sehemu ndogo ya gharama ile. Mzazi anayeruka vyote hivyo ili kijana apige picha uwanja wa ndege anaendesha kasumba iliyotoka kwa mkoloni, ile ya kudhani kwamba maarifa hupikwa Ulaya na huku hupashwa moto tu.

Sababu za kweli za kwenda ng'ambo zipo. Lipo somo lisilofundishwa nchini, au linalofundishwa kwa nafasi chache mno. Upo ufadhili kamili, ambao kuukataa ni upungufu wa akili. Upo utafiti unaohitaji maabara ambayo bado hatujaijenga. Nje ya hapo mzazi anunue kwa macho yaliyo wazi. Anayempeleka mwanawe kusomea sheria ng'ambo, kwa mfano, ajue kwamba kijana akirudi na shahada yake bado atatakiwa kupita Shule ya Sheria kwa Vitendo ya hapa nchini kabla ya kuwa wakili. Na kabla ya kutuma hata dola moja, swali lipelekwe Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania: chuo hiki kinatambuliwa, na shahada yake itathaminiwa mtoto akirudi? Ni jambo la kushangaza jinsi watu wanavyokagua gari lililotumika, wakalala chini yake kutazama kama linavuja, na bado wakanunua chuo kwa kutazama picha ya majani mabichi na vijana wanaocheka.

Jirani zetu wa Kenya wameonja uchungu wa jambo hili hadharani. Katika kaunti ya Uasin Gishu, wazazi walilipa fedha nyingi katika mpango wa masomo ya Finland na Canada uliopitia serikali ya kaunti. Watu waliuza ng'ombe, wakauza mashamba. Mwaka 2023 waliingia mitaa ya Eldoret wakidai fedha zao, wapo ambao watoto wao hawakuondoka kabisa na wapo ambao watoto walifika kisha wakadaiwa ada na vyuo. Jambo hilo lilifika Seneti na mahakamani. Kinachostahili kukumbukwa na mzazi wa hapa ni kwamba wale hawakuwa wajinga, na wala hawakumpa fedha mtu wa kichochoroni. Waliiamini ofisi yenye bendera. Hata hivyo ng'ombe aliyeuzwa alikuwa wa watoto wote, na aliyepoteza safari alikuwa mmoja.

Hata safari iliyonyooka ina mashimo. Februari 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, wanafunzi wa Kiafrika, wengi wao wa udaktari, walivuka mipaka kwa miguu katika baridi. Aprili 2023 ikawa zamu ya Sudan, na Serikali ya Tanzania ikalazimika kuwarudisha wanafunzi wake kutoka Khartoum. Familia iliyotia kila shilingi katika mwaka wa kwanza, isibakize hata nauli ya kurudi, haikuwa na jingine la kufanya ila kusubiri huruma.

Sasa, nani achaguliwe, na kwa kipimo gani? Hapa lipo fumbo ambalo Mwalimu Nyerere alilitumia katika miaka ya 1960, nalo linajulikana mno kiasi kwamba watu wameacha kulifikiri. Aliwafananisha waliopata elimu ya juu na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Asiporudi na chakula, amewasaliti wenzake. Fumbo hili limehubiriwa kwa wasomi tangu hapo. Kwa wazazi halikuhubiriwa, ilhali linawahusu kwa upande ambao Mwalimu hakuueleza: wanakijiji walimchaguaje msafiri? Bila shaka hawakumpa chakula yule anayelia zaidi, wala kifungua mimba wa tajiri. Wangetazama miguu yake. Wangeuliza kama aliwahi kutumwa karibu akarudi. Na jambo kubwa kuliko yote, wangekubaliana mbele ya wote, kwa sababu kila mmoja anatoa tonge lake.

Maisha ya Mwalimu mwenyewe yana mafunzo katika jambo hili. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22 na watoto 26. Mwaka 1934 mmoja wa watoto hao, aliyekwisha kufika umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Inasimuliwa kwamba aliyemshauri Mtemi ni rafiki yake, Mtemi Makongoro wa Ikizu, aliyeona wepesi wa akili ya mtoto yule katika mchezo wa bao. Kutoka Mwisenge safari ikafika Tabora, Makerere mwaka 1943, na Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, ambako alikwenda kwa ufadhili, hakuuziwa ng'ombe wa baba. Mtemi alikuwa na watoto wengi wa kutazama, na hakuna baba anayeweza kuwatazama watoto 26 kwa usawa. Lilihitajika jicho la mgeni, lisilojua ni mwana wa mke wa ngapi.

Jicho hilo leo ni la mwalimu wa darasani, na ndiyo maana walimu wanaombwa kuyasikia maneno haya mara mbili: mara moja kama wazazi, mara ya pili kama walimu wa watoto wa wenzao. Mwalimu aliyemfundisha mtoto miaka minne anajua kama anasoma bila kusukumwa, kama akipewa fedha ya safari ya shule hurudisha chenji, kama akishindwa swali hulia, huiba jibu au huanza upya. Mambo haya hayamo katika cheti. Wazazi wachache mno huja kuyauliza. Wengi huja siku ya kuchukua matokeo, wakashukuru au wakanuna, wakaondoka. Mwalimu naye asingoje kuulizwa.

Lipo neno la zamani ambalo halina budi kutajwa, ingawa wengi hudhani limekwisha: kwamba msichana ataolewa, na fedha iliyotumika kwake huvuka kwenda ukoo mwingine. Watu waliosoma hawalisemi tena kwa sauti. Husema badala yake kwamba ng'ambo ni hatari kwa binti, kwamba baridi ni kali, kwamba shangazi yake ameota vibaya. Ikiwa hatari ni ya kweli, basi ni hatari kwa mwana wa kiume pia, na hakuna shangazi aliyemwotea. Kila mkoa una mabinti waliojenga nyumba za wazazi wao wakiwa wameolewa na wana watoto. Hilo halihitaji takwimu. Ni kupita barabarani na kuuliza nyumba hii ya bati jipya imejengwa na nani.

Iko pia desturi ya mwana wa kwanza. Humsomesha huyo hadi mwisho, husema wazee, naye atawavuta wadogo zake. Desturi hii imezaa matunda mengi, na wapo humu watumishi waliovutwa hivyo na kaka zao au dada zao. Ilifanya kazi kwa sababu mwana huyo alisoma karibu, akaajiriwa Tabora au Moshi, na mshahara wake ulionekana. Mdogo wake aliweza kupanda basi na kumfuata. Mtoto wa ng'ambo hafuatwi kwa basi. Anaweza kuwa anaosha vyombo usiku na kusoma mchana, akiwa na deni ambalo ameona haya kulitaja, huku nyumbani wakimtazama kama benki iliyochelewa kufunguliwa. Kumbebesha mzigo wa kuwavuta ndugu bila kumwambia kabla hajaondoka, na bila ndugu hao kuambiwa hali yake huko, ni kutengeneza ugomvi utakaokuja kuzungumzwa msibani.

Zamani wazazi walilikabili tatizo la shule wakiwa pamoja. Jumuiya ya Wazazi wa Kiafrika, TAPA, ilianzishwa mwaka 1955 chini ya TANU, wakati shule za mkoloni zilikuwa haziwatoshi watoto wa nchi. Wazazi wakachangishana, wakafyatua matofali, wakafungua shule zao. Hapana anayetarajia leo kata nzima imchangie mtoto mmoja aende Canada, na pengine haifai. Ila kikao cha ukoo kinaweza kufanya kile ambacho kitanda hakiwezi: kuuliza maswali bila woga, na kukumbuka baadaye kilichoahidiwa.

Kikao hicho kianze na watu wawili ambao sheria yenyewe inawataja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo katika rehani. Mabenki yanajua, ndiyo maana huomba saini ya mke. Saini hiyo mara nyingi hutafutwa siku ya mwisho, mama akiwa ametoka darasani na vumbi la chaki mkononi, akiambiwa "weka hapa, mama, tunachelewa." Sheria ilikusudia azungumze, yeye akaombwa kalamu tu.

Baada ya wazazi wenyewe waje watoto wote, pamoja na yule wa kidato cha pili. Waonyeshwe kilichopo, kwa tarakimu. Aliyepata mkopo wa Bodi ahesabiwe kwamba bado hajapewa fungu lake la nyumbani, na ikiwezekana ukoo ukubali kubeba sehemu ya deni lake atakapoanza kukatwa. Yaandikwe katika daftari, kama zinavyoandikwa hesabu za shule, kila mtoto na alichotumiwa. Kuna watakaosema kwamba daftari kati ya ndugu huleta uhasama. Uhasama tayari upo katika nyumba zisizokuwa na daftari. Huko kila mtoto ana lake kichwani, na hakuna mawili yanayolingana.

Mtoto aliyeachwa aitwe na wazazi wake, aambiwe na midomo yao kabla hajaambiwa na majirani, na aruhusiwe kuuliza. Maswali yake hayatakuwa mengi. Atauliza fedha ilikuwa kiasi gani. Atauliza zamu yake itakuja au haitakuja. Kisha, kama ana ujasiri, atauliza kama wangeamua hivyo hivyo yeye angezaliwa wa kwanza, au angezaliwa mvulana. Jibu la swali hilo wazazi wawe nalo kabla hati ya kiwanja haijapelekwa benki.